Dhahabu Ipo, Mwenye Hisa Yuko Wapi?

Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya vikundi vya wawekezaji wadogo



Nimekuja na jiwe. Naomba lipite mkono kwa mkono hadi safu ya mwisho, kisha linirudie. Mtaona upande mmoja ni wa mviringo na upande wa pili umekatwa ukawa bapa, kama mhogo uliopasuliwa kwa urefu. Mkiligeuza kwenye mwanga, karibu na ukingo, kuna vidoa vitatu vya manjano, kila kimoja kidogo kuliko punje ya ulezi. Hiyo ni dhahabu. Jiwe hilo lilitoka zaidi ya mita 80 chini ya ardhi, kusini mwa ziwa letu hili, na aliyelipasua kwa msumeno ni mimi.

Mwaka 1996 nilikuwa kijana wa kambini, nimeajiriwa na kampuni ndogo ya kigeni iliyokuwa ikitafuta madini. Jina lake sitalitaja. Kazi yangu ilikuwa kupokea mwamba unaotoka kwenye mtambo wa kuchoronga na kuupasua katikati. Nusu naitia mfukoni, naiandikia namba, inakwenda maabara. Nusu nairudisha kwenye sanduku ibaki kuwa ushahidi. Siku jiwe hili lilipotoka kambi nzima ilikuja kulitazama; hata mpishi aliacha sufuria jikoni. Nilikuwa na akiba ya miaka miwili niliyoikusudia kwa mabati ya nyumba ya mama yangu. Nikampelekea ndugu yangu aliyekuwa masomoni nje, akaninunulia hisa za kampuni ile.

Sikununua kwa uvumi. Nilikuwa nimeishika dhahabu kwa mkono wangu, tena kabla mkurugenzi hajaiona. Miaka mitatu baadaye kambi ilifungwa, masanduku yakaachwa kwenye mvua, na hisa zangu zote hazikutosha kununua bati moja. Leo eneo lile lina leseni ya watu wengine, nao wanasema dhahabu ipo. Ni kweli ipo. Ilikuwepo siku zote. Waliokosekana ilipofika zamu ya kuvuna ni wenye hisa wa kwanza.

Kila ninapokutana na mtu anayetaka kununua hisa za kampuni ndogo ya madini, swali lake ni lile lile: je, dhahabu ipo? Ni swali zuri, na baadaye nitawaeleza jinsi linavyoweza kujibiwa kwa uongo. Lakini leo nimekuja hasa kwa ajili ya swali linalofuata, ambalo sikumsikia mtu akiliuliza mwaka 1996: hata kama ipo, siku itakapochimbwa, mimi nitakuwa bado nimo?

Tuitazame kampuni yenyewe. Kampuni kubwa ina mgodi, inauza, ina mapato, pengine inatoa gawio. Kampuni ndogo ya utafutaji haina inachouza. Ina leseni, ramani, wataalamu wachache, magari mawili matatu, na akaunti ya benki inayopungua kila mwezi. Soko letu la hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998, na linalo dirisha la kukuza ujasiriamali kwa ajili ya kampuni changa, lakini wengi wanaochoronga ardhi yetu huchangisha fedha London, Toronto au Australia. Ndugu zetu walio ughaibuni hununua hisa hizo kwa simu, na wa hapa huwatumia fedha wawanunulie. Helium One, inayotafuta gesi ya heliamu kule Rukwa, iliingia soko la London Desemba 2020, na tangu hapo bei ya hisa yake imekuwa ikipanda na kuporomoka kila mtambo unapoleta habari. Anayenunua hisa ya namna hiyo ananunua muda. Analipia kampuni iendelee kuishi hadi jibu lipatikane, na muda huo una bei.

Naomba nitumie ubao. Tuseme kampuni ya mfano ina hisa milioni 100, na kikundi chenu kimenunua milioni 1. Mna asilimia 1. Benki kuna dola milioni 3, na kwa mwezi kampuni inatumia dola 250,000. Mtoto wa darasa la tano atawaambia fedha hizo ni za miezi 12. Mkurugenzi naye anajua hesabu hiyo, kwa hiyo mwezi wa tisa ameshaanza kubisha hodi kwa wenye fedha. Hawezi kwenda benki kukopa, maana hana mapato wala rehani. Anatoa hisa mpya, na anaziuza chini ya bei ya soko, kwa sababu mwenye fedha haoni sababu ya kumlipa mkurugenzi bei ile ile anayoweza kuipata sokoni. Anatoa milioni 50. Mwaka unaofuata majibu ni mazuri, na majibu mazuri yanadai mashimo mengi zaidi. Anatoa milioni 100. Sasa hisa zote ni milioni 250. Ninyi bado mna milioni 1 yenu, cheti ni kile kile, lakini sehemu yenu ni asilimia 0.4.

Hakuna aliyewaibia. Mmezimuliwa, kama maziwa. Chupa imejaa vile vile, weupe ni ule ule, na mtoto analia njaa.

Sisemi kuzimuliwa ni kubaya kila mara. Asilimia 0.4 ya mgodi ni kubwa kuliko asilimia 1 ya pori. Kama kila dola iliyochangishwa iliingia ardhini ikarudi na maarifa, mwenye hisa hana ugomvi. Ugomvi unaanza pale dola ilipoishia ofisini. Kwa hiyo, ndugu zangu, ripoti ya mwaka ikija, pitilizeni picha za mtambo wakati wa machweo. Nendeni kwenye hesabu. Tafuteni mistari miwili: ni kiasi gani kililipwa kwa uchorongaji na maabara, na ni kiasi gani kililipwa kwa mishahara ya wakuu, safari, kodi ya ofisi na matangazo. Wekeni mistari hiyo pamoja kwa miaka mitatu mfululizo. Wazee walishasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, limechapishwa, ila hatulifungui.

Angalieni pia hati. Mara nyingi anayenunua hisa mpya hupewa juu yake hati ya kununua nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Bei ikipanda, hati hizo zinageuzwa kuwa hisa, na furaha yenu inagawanywa na watu ambao hamkujua kuwa wamo. Idadi ya hisa zilizopo peke yake haitoshi. Jumlisheni na hizo ambazo zinaweza kuzaliwa.

Sasa nirudi kwenye lile swali la kwanza, la kama dhahabu ipo, maana kuna historia ambayo kila mwenye hisa anapaswa kuijua, nami ilinigusa mwenyewe nikiwa mbali nayo kwa maelfu ya kilomita.

Bre-X Minerals ilikuwa kampuni ndogo ya Calgary, Kanada, ikiongozwa na David Walsh. Mwaka 1993, kwa ushauri wa mjiolojia John Felderhof, ilichukua eneo la Busang katika misitu ya Kalimantan Mashariki, Indonesia. Kazi ya msituni ilisimamiwa na mjiolojia Mfilipino, Michael de Guzman. Hisa iliyokuwa ya senti tu ilipanda hadi zaidi ya dola 280 za Kanada mwaka 1996, na kampuni nzima ikafikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada bila kuuza hata gramu moja. Makadirio yalipanda kila baada ya miezi, hadi mwanzoni mwa 1997 yakafika wakia milioni 71. Mifuko ya pensheni ilinunua. Wachambuzi wa mabenki walisafiri hadi msituni, wakaoneshwa ramani, wakarudi wakaandika: nunua.

Machi 1997, Freeport-McMoRan, kampuni kubwa ya Marekani iliyokuwa imepewa sehemu ya mradi, ilichoronga mashimo yake yenyewe karibu kabisa na yale ya Bre-X. Ilikuta dhahabu kidogo mno. Tarehe 19 Machi, de Guzman alianguka kutoka kwenye helikopta juu ya msitu, akafa. Mwanzoni mwa Mei wakaguzi wa Strathcona kutoka Toronto walitoa hukumu yao: sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Hisa zikawa karatasi. Walsh alifariki mwaka 1998. Felderhof alishtakiwa na mwaka 2007 mahakama ikamwachia huru. Hakuna aliyefungwa, na wastaafu wa Kanada hawakurudishiwa walichopoteza.

Mambo mawili ya Busang yananiuma hadi leo, kwa sababu yote mawili yalikuwa wazi kwa mtu wa kazi yangu. La kwanza ni nusu ya ushahidi. Bre-X walisaga karibu mwamba wote na kuupeleka maabara. Hawakubakiza nusu sandukuni. Sababu waliyotoa ilisikika ya kitaalamu, kwamba dhahabu ya pale imekaa kwa punje punje, hivyo sampuli kubwa inasema kweli zaidi. Lakini usipobakiza nusu, hakuna anayeweza kuja kesho kukuhakiki. Kile kipande kinachopita kwenye mikono yenu sasa hivi ni ile nusu ambayo Busang haikuwepo.

La pili ni umbo la punje. Dhahabu iliyokutwa kwenye sampuli nyingi za Busang ilikuwa imeviringika, kama kitu kilichosuguliwa na maji na mchanga kwa miaka mingi. Dhahabu inayotoka ndani ya mwamba mgumu huwa na kona na makali. Mchimbaji wa Geita aliyewahi kuosha mchanga wa mto kwenye mwalo, na siku nyingine akasaga mawe kwenye karasha, anaijua tofauti hiyo bila darubini. Wapo humu ukumbini, nawaona wakitikisa kichwa. Ujuzi uliohitajika kuwaokoa wastaafu wa Toronto ulikuwepo duniani, tena kwa wachimbaji wadogo, ila hakuna mwenye hisa aliyejua kwamba ndio wa kuuliza.

Baada ya aibu ile, Kanada iliweka kanuni mpya mwaka 2001: takwimu za madini hazitangazwi mpaka mtaalamu mwenye sifa aweke jina lake na sahihi yake. Australia ilikuwa na kanuni zake tangu 1989, matunda ya kichaa cha nikeli cha Poseidon, kampuni ambayo hisa yake ilitoka senti 80 za Australia mnamo Septemba 1969 hadi dola 280 Februari 1970, kisha ikaanguka. Kanuni hizo zinatenganisha kile kinachokisiwa tu kutokana na mashimo machache, kile kilichochorongwa kwa karibu kikapimwa, na kile ambacho hesabu zimeonesha kwamba kinaweza kuchimbwa kwa faida. Mnaposoma tangazo lenye wakia milioni 1, ulizeni ni za kundi lipi. Za kundi la kwanza ni matumaini yaliyoandikwa kwa namba. Hata zile zilizopimwa, kumbukeni udogo wa tunachokitafuta: gramu 2 kwa tani ni kama nusu kijiko cha chai cha sukari iliyomwagwa ndani ya tani nzima ya mawe.

Niliwaambia Busang ilinigusa. Kampuni yetu haikudanganya mtu. Nusu zangu zilikuwa sandukuni. Lakini baada ya Mei 1997, waliokuwa wakitoa fedha kwa kampuni ndogo walifunga mifuko yao kwa wakweli na waongo pamoja. Bei ya dhahabu nayo, iliyokuwa zaidi ya dola 400 kwa wakia mwanzoni mwa 1996, ilishuka hadi karibu dola 250 katikati ya 1999. Mkurugenzi wetu alibisha hodi kila mahali. Alitoa hisa mpya kwa bei ya chini, kisha nyingine kwa bei ya chini zaidi, kisha hakupata mnunuzi kabisa. Mifuko ya mwisho niliyoiandikia namba haikuwahi kufika maabara, kwa sababu hapakuwa na fedha za kulipia vipimo. Mjue basi kwamba kampuni yenu inaweza kufa kwa uongo wa kampuni nyingine, ng'ambo ya bahari.

Nije kwenye sheria, na hapa naomba tusikilizane kwa utulivu, kwa sababu mimi ni raia kabla ya kuwa mwenye hisa.

Machi 2017 serikali yetu ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini, nje ya nchi. Julai mwaka huo Bunge lilibadilisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Mrabaha wa dhahabu ulitoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na serikali ikapewa haki ya kumiliki bila malipo angalau asilimia 16 ya hisa katika kampuni ya uchimbaji yenye leseni kubwa. Naunga mkono kwamba nchi ipate sehemu yake. Nimeona vijiji vilivyozungukwa na utajiri vikiwa havina zahanati. Ila nataka mwone neno moja katika sheria hiyo. Asilimia 16 ya serikali haizimuliki. Kampuni itoe hisa mpya mara kumi, serikali inabaki na 16 yake. Ninyi hamna kinga hiyo. Mnapopiga hesabu ya mgodi wa kesho, ondoeni kwanza sehemu hiyo na mrabaha, ndipo muanze kugawana kinachobaki.

Januari 2018 kanuni mpya zilifuta leseni zote za kuhodhi maeneo, zile zilizomruhusu mtu kushikilia eneo akisubiri bei au fedha. Miongoni mwa walioguswa ni kampuni ndogo tatu: Indiana Resources ya Australia na washirika wake, waliokuwa na nikeli ya Ntaka Hill wilayani Nachingwea, Winshear Gold ya Kanada, iliyokuwa na dhahabu kusini-magharibi, na Montero, ya Kanada pia, iliyokuwa na madini adimu ya Wigu Hill mkoani Morogoro. Zilifungua mashauri katika kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Winshear ilisuluhishwa kwa dola milioni 30 mwaka 2023, Indiana kwa dola milioni 90 mwaka 2024, na Montero kwa dola milioni 27 mwaka huo huo. Fedha hizo zilitoka hazina yetu, za walipa kodi, nanyi mmo. Wenye hisa nao walisubiri miaka, na waliofadhili kesi walichukua fungu lao kwanza. Sioni mshindi hapo. Ninaona leseni zilizokaa muda mrefu bila kazi, kisha zikafutwa kwa kalamu moja, na pande zote mbili zikalipa.

Kwa hiyo leseni isomeni kama mnavyosoma hati ya kiwanja. Ni ya utafutaji au ya uchimbaji? Inaisha lini? Masharti ya kazi yametimizwa? Nani yuko juu ya eneo hilo leo, analima nini, anachimba nini? Kampuni inayowaambia wenye hisa wake kwamba eneo ni pori tupu, wakati kuna maduara mia mbili, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, imeanza vibaya na wenye hisa na wachimbaji hao pia.

Kuhusu kuuza nitasema kidogo tu. Hisa za kampuni ndogo hununulika kwa urahisi siku ya habari njema na hazipati mnunuzi siku ya habari mbaya. Bei mnayoiona kwenye simu ni ya hisa chache zilizouzwa mwisho. Si ahadi kwamba zenu zote zitachukuliwa kwa bei hiyo.

Mnaweza kudhani nawakataza. Sikatazi. Kampuni ndogo ndizo zinazokwenda ambako kubwa haziendi. Sutton Resources ya Vancouver ilikuwa ndogo ilipokuwa ikichoronga Bulyanhulu. Mwaka 1999 Barrick iliinunua, na mwaka 2001 mgodi ukaanza uzalishaji. Wenye hisa waliokuwemo hadi siku ile walivuna. Lakini historia hiyo pia haisimuliwi nusu: wachimbaji wadogo wa Bulyanhulu waliondolewa mwaka 1996, na mgogoro wa kuondolewa kwao haukuisha mgodi ulipofunguliwa. Tazameni pia ni nini kiliwabakiza wale wenye hisa. Mnunuzi mwenye fedha alifika kabla fedha zao hazijaisha, katika mwaka ule ule ambao kambi yetu, upande wa pili wa mkanda huo huo wa miamba, ilikuwa ikifungwa.

Kabla sijaanza kuzungumza, mama mmoja alinipa karatasi. Kikundi chao kina shilingi milioni 6, na kijana wao aliye nje amewashauri waziweke zote kwenye kampuni moja iliyochoronga shimo zuri. Mama, nitakujibu mbele ya wote. Shimo moja ni jiwe moja, kama hili langu. Mwambie kijana awatumie hesabu za robo mwaka ya mwisho, muone fedha zilizobaki ni za miezi mingapi. Kama ni chini ya sita, subirini. Hisa mpya zinakuja, na huenda bei yake ikawa nafuu kuliko ya leo. Kama ni zaidi, na sampuli zimehakikiwa na mtu wa nje, na leseni iko hai, wekeni kile ambacho kikipotea hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa ada wala paa litakaloahirishwa.

Naliona jiwe limerudi. Nyumba ya mama yangu niliiezeka mwaka 2003, kwa mshahara. Alikuwa ameishi chini ya nyasi miaka saba zaidi ya nilivyomwahidi.